Hatua Arobaini za Robotatu

"Jirani, niambie ukweli, na Mungu anatusikia. Huyu Profesa unataka akuoe?"

Msusi aliuliza hivyo asubuhi moja, kichwa cha mteja kikiwa katikati ya magoti yake na kitana amekiuma kwa meno. Yeye na mjane, fundi cherehani, waligawana ukuta mmoja na kibaraza kimoja, na kila alichofanya mmoja, mwenzake alikiona kabla hakijaisha. Alichokiona msusi miezi ile kilimtia wasiwasi. Alimwona mjane akichemsha maji ya tangawizi, akayatia kwenye chupa ya chai na kuyabeba mpaka nyumba ya kona, kwa sababu tu Profesa alisikika akikohoa. Alimwona akimshonea vifungo vya koti. Kila Jumamosi alimwona akiondoka naye kwenda msituni, Profesa mbele mikono mitupu, mjane nyuma na mashine ya kutafuta vyuma begani, sepeto mkononi.

Fundi cherehani akakata uzi kwa meno.

"Anioe? Mimi namwombea uzima tu."

"Hee! Uzima wa nini tena?"

"Awe na afya njema. Asije akatufia mapema."

Mteja akacheka mpaka akavutwa nywele. "Mama wee! Huyo amependa kabisa. Shona gauni lako mapema, usije ukakosa nafasi kwenye foleni yako mwenyewe."

"Acha nishone," mjane akasema, akatabasamu, akakanyaga cherehani.

Na kweli alikuwa akimwombea. Kila jioni alipiga magoti kando ya kitanda, akamwombea binti yake, akamwombea marehemu mumewe, kisha akamalizia kwa sauti ya chini: "Na Profesa, Mungu wangu, umlinde. Umpe miguu yenye nguvu na kumbukumbu nzuri. Usimchukue kabla ya siku yake." Kuna siku za aina nyingi. Hiyo aliyoitaja kwenye sala yake haikuwa siku ya kufa. Ilikuwa siku aliyokuwa akimwandalia yeye mwenyewe, pindo kwa pindo.

Mumewe alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Tangu utotoni mguu wake wa kulia ulikuwa mfupi kuliko wa kushoto, na mtaa ukamwita Robotatu. Mwingine angenuna. Yeye alilichukua jina akalifanya nembo. Kila geti, kila dirisha, kila kitanda cha chuma kilichotoka mikononi mwake kilikuwa na alama kwenye kona, imegongwa kwa tindo: tatu juu, mstari, nne chini. "Wanasema mimi si mzima," alikuwa akisema. "Sawa. Waione hesabu yangu kila wanapofunga mlango." Mji ule ukitembea mtaa mmoja tu, utaikuta alama hiyo mara kumi.

Kazi ilimlisha, lakini mapenzi yake yalikuwa msituni. Ng'ambo ya mto askari wa vita vya zamani, vile ambavyo hata mababu walisimuliwa tu, walipiga kambi miezi michache kisha wakaondoka. Robotatu alijiundia mashine ya kutafuta vyuma. Ilikuwa sahani ya waya uliozungushwa, mpini wa bomba jembamba, betri, na visikizio alivyoving'oa kwenye redio mbovu. Sahani hiyo unaipitisha juu ya majani makavu taratibu, kama mtu anayepiga pasi shuka, na chuma kilicholala chini kinakulilia masikioni. Mara nyingi kilicholia kilikuwa kizibo cha soda. Alikuwa akirudi nyumbani amejaa tope mpaka kwenye nyusi, mkewe akimuuliza, "Leo umewakuta?" naye akijibu, "Wamehama, wameniachia takataka."

Lakini kwa miaka ishirini alipata vitu vitano vya maana: filimbi ya shaba, kengele ya nyumbu wa mizigo, kijiko chenye namba mgongoni, chuma cha mkanda chenye nyota, na kibati kidogo ambacho askari alikivaa shingoni, chenye namba bila jina. Alivisafisha kwa mswaki na mafuta, akavilaza kwenye sanduku la biskuti juu ya vipande vya kitambaa alivyoomba kwa mkewe. Na kila kimoja alikiandika kwenye daftari, tarehe, kina cha shimo, na hatua kutoka kwenye kitu kisichohama. Ukurasa wa kwanza ulisema: "Jiwe lililopasuka. Hatua arobaini, jua linakozama. Filimbi."

Kisha mapafu yakamwangusha. Miaka ya moshi wa kuchomelea ilikuja kudai chake kwa mkupuo mmoja.

Hapo ndipo Profesa alipoanza kuja. Hakuwa profesa wa chochote. Alikuwa karani mstaafu wa ofisi ya ardhi, mrefu, miguu kama ngazi, miwani kwenye ncha ya pua, na alizungumza kama mtu anayesoma gazeti kwa sauti. Alikaa kando ya kitanda, akamsomea mgonjwa habari, akamwita "ndugu yangu wa damu". Siku moja akaomba sanduku na daftari.

"Shemeji, usiwe na shaka," akamwambia mke. "Navipeleka kwenye jumba la makumbusho. Vitu hivi si vya kukaa chini ya kitanda. Wataandika jina lake, watoto wa shule watalisoma."

Robotatu mwenyewe ndiye aliyesema, "Mpe."

Wiki tatu baadaye redio iliyokuwa dirishani ikatangaza kwamba makumbusho ya mji yamepokea vifaa vya vita vya zamani. Mgonjwa akamwashiria mkewe aongeze sauti. Akataka kuketi. Mkewe akamwekea mto mgongoni, akamfunga kifungo cha juu cha shati, kana kwamba redio ingemwona. Mtangazaji akasema: "Mvumbuzi wetu amezunguka msitu huo kwa miaka ishirini, mvua na jua…" Robotatu akashika mkono wa mkewe. Kisha likatajwa jina. Lilikuwa jina la Profesa, na baada ya jina sauti ya Profesa mwenyewe ikieleza alivyolia siku alipoipata filimbi.

Robotatu aliomba ageuzwe aelekee ukutani. Siku ya tisa akafa, Mungu amrehemu, akiwa bado ameelekea huko huko.

Kwenye mazishi Profesa alishika kona ya jeneza na kulia kuliko wafiwa. Mjane akangoja watu wapungue, akamwuliza, "Shemeji, lile daftari liko wapi?"

"Daftari?" Profesa akavua miwani, akaifuta. "Daftari gani, shemeji? Ndugu yangu aliniachia maneno tu, na maneno nimeyahifadhi hapa." Akajigusa kifua.

Siku arobaini na moja baadaye mjane alikwenda makumbusho. Kilikuwa chumba kimoja kando ya maktaba, sakafu imepigwa nta, kabati la vioo katikati. Vitu vitano vimelala ndani, na bado vilikuwa juu ya vitambaa vyake, kitenge cha buluu na kipande cha pazia la jikoni. Kando yake kibao: "Vimevumbuliwa na…" na jina la Profesa kwa herufi za kuchapa.

Mhifadhi alikuwa mama wa makamo, mpole, amechoka. Alimsikiliza mpaka mwisho. "Mama, naona uchungu wako," akasema. "Lakini mwenzio ameleta daftari, limeandikwa kwa mwandiko wake, kila kitu kwa tarehe. Wewe una nini?"

Alikuwa na vitambaa. Nani angeamini vitambaa? Profesa alikuwa amelinakili daftari la marehemu lote kwenye jipya lenye jalada gumu, na lile la zamani huenda aliliwashia jiko. Mjane akatoka. Njiani hakulia. Alipofika nyumbani alimeza maji bilauri mbili, akapiga moyo konde, akatoa mashine ya mumewe chini ya kitanda. Jina la mumewe lingeandikwa kwenye kibao kile, hilo alijiapia. Na aliyelinyang'anya angelirudisha mwenyewe, hadharani, mbele ya redio ile ile.

Asubuhi yake alibisha kwa Profesa.

"Shemeji, nifundishe," akasema. "Marehemu hakuwahi kunionyesha. Nataka nijue mambo ya msituni kama wewe."

Mtu akivikwa kilemba cha ukoka, shingo hunyooka yenyewe. Profesa akasema elimu haina choyo.

Mwanzo haukuwa mzuri kwa yeyote. Jumamosi ya kwanza mashine ilimlilia mjane kifuani kila alipoinama. Alikuwa amesahau pini sita za ushonaji kwenye kola ya gauni. Akazichomoa, ikanyamaza. Lakini Profesa alikuja na mabuti ya kiwandani yenye chuma puani, na kila alipopitisha sahani karibu na miguu yake, visikizio vilipiga kelele.

"Hapa! Shemeji, hapa! Pana utajiri mkubwa hapa!"

Mjane akachimba. Profesa akasogea aone vizuri, mashine ikalia zaidi. "Panazidi!" Walichimba shimo la kumzika mbuzi kabla mjane hajaamua kusema, kwa adabu zote, "Shemeji, nadhani ni mabuti."

Profesa akajikohoza. "Nilikuwa nakujaribu."

"Nimeshukuru, mwalimu wangu."

Kuanzia siku ile akajua kwamba mtu huyu hajawahi kushika mashine maishani mwake. Lakini kujua si ushahidi. Akaendelea kubeba sepeto, akaendelea kuitikia "ndiyo, shemeji", na akauma meno mpaka taya likawa linamsumbua usiku.

Profesa alipenda kumpeleka kwenye "mashimo yake ya kihistoria". Alifungua daftari lenye jalada gumu, akasimama kwenye jiwe lililopasuka, akahesabu hatua arobaini kuelekea magharibi kwa miguu yake ya ngazi, akasimama. "Hapa ndipo nilipopiga magoti."

Mjane akapiga magoti hapo hapo, akachoma ardhi kwa kisu cha kupandia miche. Udongo ulikuwa mgumu, tabaka juu ya tabaka, mizizi imepita mizima. Ardhi iliyowahi kuchimbwa ni kama nguo iliyofumuliwa ikashonwa tena. Hata uipige pasi namna gani, matundu ya sindano yanabaki. Pale hapakuwahi kufumuliwa kitu.

"Vipi, shemeji?" Profesa akauliza.

"Najionea tu ulipolia."

Akarudi peke yake siku za katikati ya wiki, akahesabu hatua arobaini zake mwenyewe. Mashine ikakaa kimya. Akahesabu tena kutoka upande mwingine wa jiwe. Kimya. Miezi minne ikapita hivyo. Binti yake, mwalimu wa chekechea, akaja kumtembelea, akaona magoti ya mama yake yamechubuka kama ya watoto wake wa darasani.

"Mama, huyu mtu atakuua na hata hajui kwamba mnagombana."

"Hajui. Ndivyo ninavyotaka."

Jibu lilikuja akiwa mezani na mkasi. Alikuwa ametoa suruali za marehemu apunguze kiuno, binti ampelekee mumewe. Akaitandaza ya kijivu, akalinganisha miguu. Wa kulia ulikuwa mfupi kwa vidole vitatu. Mwenyewe ndiye aliyeupinda hivyo, suruali baada ya suruali, kwa miaka ishirini na tisa. Mkasi ukabaki hewani.

Hatua. Hatua za nani?

Akageuka akautazama mlango. Tangu mlangoni mpaka kwenye cherehani yake zilikuwa hatua tisa za Robotatu. Hakuhitaji kukumbuka, masikio yake yalikuwa nazo: moja nzito, moja nyepesi, moja nzito, moja nyepesi, mpaka ya tisa, kisha mkono begani. Akachukua futi ya kushonea, akatambaa sakafuni. Mita nne na nusu. Kugawa kwa tisa, nusu mita. Marehemu alipoandika hatua arobaini alimaanisha hatua zake yeye, fupi, za kuchechemea. Ishirini tu ndizo mita zake. Profesa alikuwa amenakili namba zote bila kukosea hata moja, akaenda kuzitembea kwa miguu ya mtu mwingine.

Siku iliyofuata alikuwa msituni na kamba ya kuanikia nguo, ameipima mita ishirini kamili. Akaifunga kwenye jiwe, akainyoosha kuelekea magharibi. Pale ilipoishia mashine ikalia, sauti moja safi, fupi. Udongo ulikuwa laini, mchanganyiko, mweusi na mwekundu pamoja. Kwa kina cha kiganja akakuta kibati cha duara, kikubwa kama kifuniko cha chupa, na tundu katikati. Akakifuta kwa kidole gumba. Namba moja. Tarehe. Na chini yake tatu juu, mstari, nne chini.

Vibati vile alivijua. Aliviona juu ya meza ya karakana mara nyingi, akadhani ni washa za kukazia misumari ya bati. Kumbe kila shimo alilolitoa kitu, Robotatu aliliachia kitu, ili siku nyingine mashine ikilia pale pale achimbe, aone alama yake, acheke, aendelee mbele.

Mjane akakibana kibati kifuani kwa nguvu. Akalia, sasa kweli, kwa sauti, kwa kuwa msituni hakuna jirani. Kisha akakirudisha shimoni vile vile, uso juu, akafukia, akatandaza majani.

Binti aliposimuliwa akaruka. "Mama! Si ungekuja nacho? Kesho tungekwenda kwa mhifadhi, yakaisha!"

"Nikienda nacho mkononi, watasema nimekichonga hapa mezani."

"Basi mwite mhifadhi akione huko huko."

"Akione yeye peke yake, Profesa aone haya mbele ya mtu mmoja, kwenye ofisi, mlango umefungwa?" Mjane alikuwa anapanga pini kwenye kimto cha sindano, moja moja. "Baba yako alifungwa kifungo cha shati asikilize redio. Nilimfunga mimi. Unakumbuka?"

Binti akasogeza kiti karibu. "Mama, wewe ni mtu wa sala. Sala haisemi tusamehe?"

"Inasema. Nitasamehe. Lakini zamu ya kusamehe haijafika."

Mashimo mengine manne aliyapima kwa kamba, kwa namba ambazo Profesa alikuwa akizisoma kwa sauti daftarini, mashine ikalia kwa kila moja. Hakuchimba hata moja.

Kilichobaki kilikuwa kumfanya Profesa aombe mwenyewe kunyongwa. Haikuwa kazi. Jumamosi moja, wakati anammiminia maji ya tangawizi, mjane akasema kama mtu anayewaza tu, "Shemeji, mimi nasikitika. Wewe ukiondoka duniani, nani atajua ulipiga magoti wapi? Ingekuwa vyema viwekwe vigingi, kila kimoja na jina la kitu na jina lako. Watu waje, redio ije, uhesabu hatua mbele yao."

Profesa akaacha kunywa. Macho yake yakaenda mbali, yakaona vigingi.

"Wazo hilo nilikuwa nalo muda mrefu," akasema.

"Nilijua tu."

Wiki ile Profesa alikohoa, na mjane hakupata amani. Alimpelekea asali, alimpelekea blanketi, akamkataza kutoka kwenye umande. "Mpaka anamfunika!" msusi akamwambia mteja. "Sisi tumebaki kungoja kadi ya mwaliko."

Siku ikafika, saa nne asubuhi, jua limetulia kwenye majani. Walikuja watu thelathini na kitu: mhifadhi, walimu kadhaa, majirani, msusi na kitana chake kichwani. Alikuja mtangazaji, yule yule, na kinasa sauti begani. Binti alikuja akasimama nyuma kabisa. Profesa alivaa suti, na vifungo vyote vya koti vilikuwa imara. Mjane alivaa gauni lisilo na pini hata moja.

Profesa akasimama kwenye jiwe lililopasuka, akafungua daftari. Akahesabu kwa sauti, "Moja! Mbili!" na watu wakahesabu naye. Arobaini. Akagonga kigingi cha filimbi, akaeleza alivyolia. Wakapiga makofi. Akahesabu cha kengele, cha kijiko, cha mkanda. Kwenye cha kibati cha askari alishusha sauti, akaivua miwani, akasema usiku ule hakulala. Mjane alipiga makofi kwa kila kimoja. Hakutaka hata kimoja kipungue.

Cha tano kilipogongwa, akajitokeza.

"Shemeji, na mwalimu wangu," akasema, na mtangazaji akamsogezea kinasa sauti. "Ulinifundisha kwamba ardhi iliyochimbwa haisahau. Tuwaonyeshe wageni. Tuchimbe kwenye kigingi cha kwanza, waone shimo lako."

"Haina haja, shemeji. Wageni wamechoka."

"Hatujachoka!" msusi akapaza sauti. Hakujua lolote, alitaka tu kuona.

Mjane akachimba, akakata udongo wima kama anayekata mkate, akamwita mhifadhi. Mhifadhi akachuchumaa. Tabaka juu ya tabaka. Mzizi mnene kama kidole gumba ulipita katikati, mzima.

"Hapa hapajawahi kuguswa," mhifadhi akasema polepole.

"Mvua," Profesa akasema. "Miaka mingi. Mvua hurudisha kila kitu."

"Kweli, mvua," mjane akasema. "Au labda hatua zimerefuka." Akafungua kamba kiunoni, akaifunga kwenye jiwe. "Mume wangu mlimjua nyote. Mlimpa jina kwa mguu wake. Hatua yake ilikuwa nusu mita, nimeipima kwenye sakafu yangu. Arobaini za Robotatu ni hizi."

Kamba ikanyooka, ikaishia mbali sana na kigingi. Akavaa visikizio, kisha akavivua, akamvisha mtangazaji. "Sikiliza wewe." Sahani ikapita. Mtangazaji akashtuka, akashika masikio. Mjane akampa mhifadhi sepeto. "Chimba wewe, mama. Mimi sigusi."

Mhifadhi akachimba kwa kina cha kiganja. Akatoa kibati, akakifuta, akakisoma mara mbili. Kisha akakiinua watu waone, na hapakuwa na mtu mzima pale asiyeijua alama ile. Ilikuwa kwenye mageti yao, kwenye vitanda walivyolalia.

"Robotatu!" mtu mmoja akasema, na jina likapita kwenye kundi kama upepo kwenye mahindi.

"Kimewekwa," Profesa akasema. Sauti yake haikuwa tena ya gazeti. "Huyu mwanamke amekiweka jana."

"Twende cha pili," mjane akasema.

Kengele. Hatua ishirini na sita; kamba mita kumi na tatu. Mhifadhi akachimba, akasita, akawaita walimu waje karibu. Mzizi mwembamba ulikuwa umeingia kwenye tundu la kibati namba mbili ukatokea upande wa pili, umenenepa pande zote mbili, kama uzi ulioingia kwenye sindano ukapigwa fundo. Udongo kukizunguka ulikuwa umeiva kutu.

"Hiki hakikuwekwa jana," mhifadhi akasema. "Wala mwaka jana."

Profesa akamsogelea mjane, akamwinamia sikioni. "Shemeji, inatosha. Nimeelewa. Twende tukaongee nyumbani."

"Nyumbani tuliongea. Nilikuuliza daftari, ukaniuliza daftari gani." Hakushusha sauti, na kinasa sauti kilikuwa karibu. "Bado vitatu."

"Shemeji, nihurumie. Mimi ni mtu mzima."

"Naye alikuwa mtu mzima. Cha tatu kiko upande huu."

Profesa akataka kuketi kwenye gogo. "Usikae, shemeji," mjane akamwambia kwa upole, "utachafua suti." Akasimama. Akafuatana nao mpaka cha tatu, mpaka cha nne, watu wakimwachia nafasi pande zote kana kwamba ananuka. Kwenye cha nne msusi ndiye aliyesoma alama kwa sauti, na alipomaliza alimtazama jirani yake, akaweka mkono mdomoni.

"Kumbe tangawizi ile yote!"

"Nilikwambia namwombea uzima."

Cha tano hakikuhitaji kuchimbwa. Mashine ililia na hakuna aliyekuwa na shaka tena. Mjane alitaka kichimbwe. Kikachimbwa. Mtangazaji akamgeuzia Profesa kinasa sauti, akamwuliza kama ana la kusema. Daftari la jalada gumu likamponyoka, likaangukia kwenye udongo uliofukuliwa, na hakuna aliyeinama kumwokotea.

"Sema jina lake," mjane akasema. "Redio inakusikia."

Profesa akalisema, jina kamili la Robotatu, lile la kwenye cheti. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepigwa.

"Sikusikia. Marehemu alikuwa anataka sauti iongezwe."

Akalisema tena kwa nguvu, na msitu ukalirudisha.

Binti alikuja akamshika mama yake kiwiko. Uso wa mama ulikuwa mkavu. Mhifadhi alifunga vibati vitano kwenye leso, akaja mbele yake akiwa ameinamisha kichwa.

"Mama, nisamehe. Ulikuja kwangu nikakuuliza una nini. Leo hii hii, kabla ya ofisi kufungwa, nitakitoa kile kibao chenye jina lake na kuchapisha kipya. Niambie unataka kisomeke vipi."

Mjane alimtazama Profesa, aliyekuwa bado amesimama, bado na suti safi.

"Usikitoe," akasema. "Jina lake liache lilivyo, ulikate kwa mstari mmoja wa wino mwekundu, na juu yake uandike la mume wangu. Nataka kila atakayekuja ayasome yote mawili."